Paka wa ndiani wametuzidi: tuwatilie sumu, tuwahamishe, au tufanyeje?

Swali: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, si mbali na pale samaki wanaposhushwa. Uchochoro wetu umejaa paka. Juzi nilihesabu nikafika 38, nikaacha. Usiku hatulali kwa mashume wanaopigana juu ya paa, asubuhi ua lanuka mikojo, na mwezi huu pekee nimeokota vitoto vinne vilivyokufa. Mtoto wa jirani ameparurwa mkono. Kuna bibi mmoja mtu mzima hapa kwetu, kila baada ya alasiri huwapa vichwa vya samaki, na watu wengi wanamlaumu yeye. Vijana wa barazani wanataka kutia dawa ya panya kwenye dagaa. Wengine wasema tukodi pikapu tuwatupe Kongowea. Mimi nilitaja habari ya kuwafunga kizazi nikaambiwa ni ghali, tena ni haramu. Tumechanga shilingi 30,000. Tuanzie wapi? Na chini ya ngazi yangu paka wa rangi tatu amezaa vitoto vitatu, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Nao niwafanyeje?

Jibu: Waleikum salaam, dada yangu. Miaka yangu mingi ya udaktari wa mifugo nimeifanyia hapa hapa pwani, na barua kama yako nimezipokea kutoka mitaa mingi. Nianze na jibu lenyewe. Hizo 30,000 zitumieni kufunga kizazi, kwenye uchochoro wenu mmoja tu, majike kwanza, mkianza na paka wenye wenyewe. Na yule bibi mnayemlaumu ndiye mumkabidhi kazi.

Lakini vijana wenu wana haraka, kwa hiyo tuimalize kwanza habari ya sumu.

Dawa nyingi za panya zinazouzwa madukani huua kwa kuzuia damu isigande. Mnyama hafi papo hapo. Huvuja damu ndani kwa ndani siku tatu, nne, hata zaidi, na katika siku hizo hutafuta mahali pa giza ajifiche. Kwenu hapo mahali pa giza ni juu ya dari, ndani ya magofu, chini ya ngazi zenu. Niliwahi kuletewa jike aliyekula chambo cha namna hiyo. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi, na kila nilipomchoma sindano damu haikukatika. Tumboni alikuwa na mimba. Sikuweza kumwokoa. Dagaa wenye sumu hawana jina la anayepaswa kuwala: atawala paka wa mtu aliyelelewa ndani, atawala mbuzi, atawaokota mtoto anayetambaa. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumpa mnyama sumu bila sababu ya haki kuwa kosa, na atakayeshitakiwa ni kijana wa barazani aliyedhani anausaidia mtaa.

Na tuseme hamna huruma wala hamuogopi sheria. Bado haifai, kwa sababu haileti mnachokitaka. Kusini kabisa mwa Bahari yetu ya Hindi kuna kisiwa kiitwacho Marion, mali ya Afrika Kusini. Mwaka 1949 walipelekwa huko paka watano wapunguze panya. Kufikia 1977 walikuwa wamezaana hadi maelfu. Serikali ikaamua kuwamaliza: ikaachia virusi vya ugonjwa wa paka, ikapeleka wawindaji wa usiku wenye bunduki na taa, ikatega mitego, ikatia sumu. Ilichukua mpaka 1991. Hicho ni kisiwa kisichokuwa na mji, wala soko la samaki, wala jahazi linaloshusha paka mwingine gatini. Mji wa Kale una vyote hivyo.

Kongowea nayo ni hivyo hivyo. Paka ana eneo lake, analijua kwa harufu. Ukimtupa ugenini, wengine hugongwa na gari wakitafuta njia ya kurudi, wengine huuawa na njaa au na paka wenyeji. Na huku nyuma, chakula kikiwa bado kipo, nafasi haikai tupu. Mashume wa mtaa wa pili watasikia kwamba njia ni nyeupe, na majike watawafuata. Baada ya miezi sita mtahesabu tena 38, ila safari hii hamtamjua hata mmoja, na shilingi zenu zimeliwa na petroli.

Sasa tuje kwenye mzizi. Paka jike hupata joto la kwanza akiwa na miezi mitano au sita, wengine hata minne. Mimba yake ni wiki tisa hivi. Huzaa vitoto vitatu mpaka vitano, na anaweza kupandwa tena akiwa bado ananyonyesha. Ulaya hupumzika majira ya baridi, kwa sababu mwili wa paka huamshwa na urefu wa mchana. Mombasa mchana una urefu wa saa kumi na mbili hivi, mwaka mzima. Paka wetu hawana msimu wa kupumzika.

Utaletewa hesabu kwamba paka mmoja na kizazi chake huzaa 420,000 kwa miaka saba. Usiitumie mkutanoni, maana si kweli. Ingekuwa kweli, tungewakanyaga. Kinachotokea ndicho ulichokiokota wewe uani. Huko North Carolina, Marekani, watafiti walifuatilia vitoto 169 vya paka wasio na makao, wakachapisha matokeo mwaka 2004: vitoto 127 vilikufa au kupotea kabla ya miezi sita. Yaani vitatu kati ya kila vinne. Mimi hapo ndipo moyo wangu huuma. Kizazi kinachofungwa leo huwazuia hao watatu wasizaliwe waje kufa kwa njaa, mafua na viroboto kwenye mtaro wenu. Vijana wakikwambia kwamba huruma ni kumwacha paka azae, waeleze habari ya vile vinne.

Kwa nini nasema paka wenye wenyewe kwanza? Kwa sababu ya Roma. Italia ilipitisha sheria namba 281 mwaka 1991: ni marufuku kuua paka wa mitaani, wanatakiwa wafungwe kizazi na kurudishwa pale pale walipotolewa. Katika miaka kumi mji wa Roma ulifunga kizazi karibu paka 8,000. Wataalamu walipochunguza makundi 103 waliona idadi imepungua kweli, lakini kiasi cha mmoja kati ya watano alikuwa mgeni, ametupwa na mwenyewe au amejileta. Wakasema wazi kwamba kampeni isiyowafundisha watu kudhibiti paka wa majumbani ni kupoteza pesa, muda na nguvu. Nimeyaona hayo hapa pwani pia. Mtaa unashughulika na paka wa ndiani, na ndani ya nyumba ya tatu kuna jike anayelala mkekani, anazaa kila baada ya miezi mitano, na vitoto vinawekwa kwenye kapu na kuachwa karibu na soko usiku. Waswahili walisema paka wa nyumba haingwa. Sawa, asifukuzwe, lakini afungwe kizazi. Piteni nyumba kwa nyumba, kwa adabu, akina mama kwa akina mama, muulize: una paka? Jike au dume? Tunampeleka pamoja na wetu, utachangia nini? Paka wa nyumbani hahitaji mtego, anabebwa kwenye kapu la kufunika. Ni kazi rahisi kuliko zote, na watu huiruka kwa sababu haionekani.

Sasa yule bibi. Watu hudhani akiacha kulisha, paka wataondoka. Hawaondoki. Wataingia majikoni, watapasua mifuko ya taka, na hutaweza kuwakamata kwa sababu hutajua wapo wapi saa ngapi. Bibi amekwisha kuwafundisha kuja mahali pamoja, saa ile ile, kila siku. Sisi tunaotega paka tungetoa pesa kupata kitu hicho! Mwendee, mkae, mwulize. Atakwambia yupi ana mimba, yupi ameletwa juzi, yupi anakohoa. Mwombeni mambo matatu tu: alishe kukiwa na mwanga, pembeni, mbali na milango ya watu na ya msikiti, aweke chakula kwenye sahani badala ya kukimwaga chini, na baada ya nusu saa sahani ziondolewe, pasafishwe. Mpeni msichana mmoja wa kumsaidia, na daftari.

Daftari hilo ni muhimu kuliko mtego. Kila paka mstari wake: rangi, alama, jike au dume, anakuja au haji, tarehe. Kukusaidia: paka wa rangi tatu, kama huyo wako wa chini ya ngazi, karibu wote ni majike. Wa rangi ya chungwa wengi wao ni madume. Jike aliyejaa maziwa utamjua kwa chuchu zilizotokeza na manyoya yaliyolowana kuzizunguka.

Halafu mtege. Mtego unaofaa ni kizimba kirefu cha waya, paka anaingia, anakanyaga kibati, mlango unashuka nyuma yake. Vyama vya kutetea wanyama na baadhi ya madaktari huviazimisha, msinunue kabla ya kuuliza. Siku moja kabla ya kutega bibi asiwape kitu, wawe na njaa kidogo. Chambo msitie samaki mbichi. Paka wa pale mnapokaa samaki mbichi wamemzoea tangu utotoni. Mtieni kipande cha samaki wa kukaanga, angali na moto, harufu yake iende mbali. Nakumbuka jike mmoja mweusi aliyetushinda siku nne, anakuja mpaka mlangoni pa kizimba, ananusa, anakaa chini anajilamba. Siku ya tano mama mmoja akatandika gazeti juu ya ule waya wa chini, kumbe paka alikuwa hapendi kuukanyaga. Akaingia kama aliyealikwa. Mlango ukishuka atajirusha kwa nguvu, atajigonga uso. Hapo hapo mfunikeni kwa leso nzito, pande zote. Giza humtuliza, baada ya dakika mbili hutasikia kitu. Na kamwe mtu asitie mkono ndani.

Tegeni kundi zima kwa siku chache mfululizo, msitege mmoja mmoja kila mwezi. Ukifunga paka watatu hapa, wanne Kibokoni, wawili Ndia Kuu, wanaobaki watazijaza nafasi na hutaona tofauti yoyote. Wengi katika kazi hii huhesabu saba kati ya kumi kuwa kiwango cha chini, mimi nataka majike wote. Kama pesa hazitoshi kwa 38, na huenda zisitoshe, bakisheni madume. Shume mmoja aliyebaki anaweza kuwapanda majike kumi, lakini majike hao wakishafungwa hana la kuzaa. Mwendee daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, umwombe bei ya kundi, siku moja ya paka kumi. Bei ya kundi huwa tofauti kabisa na ya mmoja mmoja. Ulizeni pia ofisi ya mifugo ya kaunti na KSPCA, chama cha kutetea wanyama cha Kenya.

Siku ya upasuaji paka mkubwa asile tangu usiku. Daktari atampa nusukaputi. Jike hutolewa ovari, mara nyingi pamoja na mji wa mimba, dume hutolewa korodani. Mwombeni ashone kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, maana paka wa ndiani hamtamkamata mara ya pili kutolewa nyuzi. Akiwa bado amelala, akatwe ncha ya sikio la kushoto, mkato ulionyooka, kama sentimita moja. Hiyo ndiyo alama, inaonekana kwa mbali, hata juu ya paa, kwamba huyu amekwisha. Wakati huo huo achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Dume hurudishwa akizinduka vizuri, jike alale usiku mmoja kwenye kizimba, mahali pakavu. Kisha kila mmoja arudi kwenye uchochoro wake ule ule.

Nakusihi jambo moja: mtu asije akampa paka panadoli kwa maumivu. Kidonge kimoja humuua. Na msifuate ushauri wa kuwapa vidonge vya uzazi vya binadamu. Dawa za namna hiyo humletea jike usaha kwenye mji wa mimba na uvimbe wa matiti.

Kuhusu haramu, mimi ni daktari, si shehe. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wametofautiana, na wengi wamelikubali pakiwa na manufaa na mnyama asidhuriwe. Nendeni kwa imamu wenu mapema, kabla ya kukamata paka hata mmoja, mumweleze kwamba kuna dawa ya usingizi, na kwamba upande wa pili wa mizani kuna sumu. Mtaa wenu unaijua hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa njaa. Imamu akisema maneno mawili baada ya Ijumaa, yatafanya kazi kuliko mabango yangu yote.

Yule mtoto aliyeparurwa apelekwe hospitali leo, kama hajapelekwa. Kwa jeraha lolote la meno au kucha, la kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, zihesabiwe kwa saa. Kichaa cha mbwa kwa binadamu hutoka kwa mbwa karibu kila mara, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaweza kuupitisha, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Paka anayebadilika ghafla, aliyekuwa mkimbizi akawa anamrukia mtu, msimkamate wenyewe, iiteni ofisi ya mifugo. Wanawake wajawazito wa mtaani wasizoe kinyesi cha paka. Vijidudu vya toksoplazma vilivyomo, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huchukua siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine akizoa kila siku, kwa glavu, hatari hupungua sana.

Kingine ni matumbo ya samaki. Nimezunguka masoko ya samaki kutoka Shimoni mpaka Malindi: palipo na pipa lenye kifuniko paka ni wachache na wanene, palipo na lundo wazi ni wengi na wana upele. Zungumzeni na wachuuzi. Pipa mbili zenye vifuniko na mtu wa kuzimwaga kila jioni. Lundo hilo hilo ndilo linalowalisha kunguru, ambao mwaka 2024 serikali ilitangaza kutaka kuwapunguza milioni moja kwa sumu, nami sioni watakavyokwisha karamu ikiwa bado imetandikwa.

Mtaona nini, na lini? Kelele na mapigano ya mashume waliohasiwa hupungua baada ya wiki chache, na harufu ya mkojo pia. Kwa wiki hizo chache bado wanaweza kutia mimba, msishtuke. Idadi yenyewe hushuka polepole. Katika chuo kikuu kimoja cha Florida walianza mwaka 1991, baada ya 1995 hawakuona tena kitoto cha paka kilichozaliwa pale, na paka 68 waliohesabiwa mwaka 1996 walikuwa 23 mwaka 2002. Wageni waliendelea kutupwa, lakini kila aliyekuja alifungwa kizazi au kupatiwa nyumba kabla hajazaa. Ndiyo maana daftari la bibi halifungwi.

Na huyo mama wa chini ya ngazi. Macho yanapofunguka vitoto vina siku saba mpaka kumi na nne. Msivihamishe, msivipe maziwa ya ng'ombe, vitaharisha vife. Mpeni mama chakula cha ziada na maji safi, mara mbili kwa siku, hapo hapo. Kuanzia wiki ya tatu vishikeni kwa upole kila siku, watoto wenu wavizoee: kitoto kilichozoeshwa kabla ya wiki ya nane hupata nyumba, kilichokua bila kuguswa na mtu hubaki kikiwakimbia watu maisha yake yote. Wiki ya nne waanzishieni samaki wa kuchemsha aliyetolewa miba. Vikiwa vinakula vyenyewe, mama apelekwe mara moja, kabla shume hajamfikia tena, na vitoto vifuate vikitimiza kilo moja. Anayetaka kuchukua kimoja apewe baada ya kufungwa kizazi, si kabla. Andika tarehe ya leo kwenye daftari, pembeni ya jina lake. Wiki ya sita kutoka leo, mtego wa kwanza utegwe hapo ngazini.